Mtoto akipigwa kichwani kwenye ndondi

Mama, mwanao akirudi mazoezini akasema alipigwa ngumi "akaona nyota", usiangalie uvimbe tu. Ubongo unaweza kutikisika ndani ya fuvu bila jeraha kuonekana nje, na bila mtoto kuzimia. Kofia ya ndondi hupunguza michubuko, lakini haizuii mtikisiko huo. Kinga ya mdomoni ni ya meno. Mnunulie hata hivyo.

Angalia kama kichwa kinamuuma, ana kizunguzungu au kichefuchefu, amesahau kilichotokea, anarudia swali lilelile. Dalili moja inatosha: asirudi ulingoni siku hiyo, hata kocha akisema ni mzima, na apelekwe kupimwa. Pigo la pili kabla ubongo haujapona linaweza kuuvimbisha hadi kumuua. Hutokea mara chache, lakini hutokea.

Apumzike siku 1 hadi 2, simu na televisheni kidogo. Maumivu mpe parasetamo kwa kipimo cha umri wake, si aspirini. Kama anaongea vizuri anaweza kulala, ingawa majirani watakukataza. Ila usiku huo alale karibu na mtu mzima.

Akitapika tena na tena, akipata degedege, akiwa mgumu kuamka, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au maji yakitoka puani au sikioni, kimbia hospitali usiku huohuo.

Dalili zikiisha anarudi shule kwanza, halafu kukimbia na kuruka kamba. Kupigana ni mwisho kabisa, kwa ruhusa ya daktari.