Viti vya Nyuma Msikitini: Tuyaelewe Maradhi ya Viungo Kukakamaa

Wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita, kamati ya msikiti wetu ilipokea ombi la kununua viti 12 vya kuswalia, kwa kuwa vile 8 tulivyokuwa navyo havikutosha tena. Mjumbe mmoja alisema kwa mzaha kwamba jamaa wa msikiti wanazeeka. Tulicheka, tukaidhinisha fedha, tukaendelea na ajenda nyingine. Lakini tulipoandika majina ya wanaovihitaji, tuliona jambo ambalo hatukulitarajia: karibu nusu yao hawajafikisha miaka 60. Kulikuwa na mama wa miaka 47 ambaye mkono wake wa kulia haufiki sikioni wakati wa takbira. Kulikuwa na fundi seremala aliyevunjika mguu, akafunguliwa plasta, na tangu hapo goti likakataa kukunjika. Na kulikuwa na kijana wa miaka 22.

Tulipowauliza wanaumwa nini, jibu lilikuwa moja: baridi. Baridi ya magoti, baridi ya bega, baridi yabisi. Na karibu wote walikwishatumia kitu fulani kilichonunuliwa mahali fulani kwa ushauri wa mtu fulani.

Hapo ndipo tulipoona kwamba viti tulivyovinunua vilikuwa vimejibu swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza vizuri. Kiungo kukakamaa si ugonjwa mmoja. Ni dalili inayotokana na maradhi mengi, na dawa ya moja yaweza kuwa madhara kwa jingine.

Wasomaji wetu wanaikumbuka hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) katika Sahihi Muslim, kwamba mwanaadamu ameumbwa na viungo 360. Anayekitazama kiungo kimoja tu, mathalani goti, ataona hikima kubwa. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, nyororo kuliko kioo. Kiungo chote kimezungukwa na mfuko wa utando, na ndani yake mna ute unaolainisha. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kupitia ute ule, na ute husambaa pale kiungo kinapokwenda na kurudi. Kwa hiyo anayelilaza goti lake miezi sita kwa kuogopa maumivu hulinyima chakula, na utando unaolizunguka husinyaa kama ngozi iliyoachwa juani.

Maradhi yanayoongoza kwa wingi ni ya kuchakaa kwa gegedu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi nayo, na milioni 365 kati yao magoti ndiyo yaliyoathirika. Mgonjwa wa namna hii huamka na ukakamavu unaoachia ndani ya nusu saa, kisha maumivu humrudia akipanda ngazi au akiinuka kutoka kwenye sijida. Huyu ndiye anayefaidika zaidi kwa kupunguza uzito. Imepimwa na watafiti kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua. (Tunalitaja hili tukijua fika kwamba Ramadhani inakuja tena, na kaimati nazo zinakuja.)

Tofauti na huyo ni yule ambaye vidole vya mikono yote miwili huvimba, na ukakamavu wa asubuhi humchukua saa nzima au zaidi. Mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi bado ni kijana au wa umri wa kati. Hapa kinga ya mwili imegeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Zipo dawa za hospitali zinazozuia viungo visiharibike, lakini zinahitaji kuanzwa mapema, katika miezi ya mwanzo. Kila mwezi anaopaka mafuta peke yake ni mwezi ambao mifupa inaliwa.

Yule mama wa miaka 47 ana ugonjwa uitwao bega lililoganda. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine wote. Huanza kwa maumivu makali ya usiku. Maumivu yakipungua bega hufunga, mtu asiweze kuchana nywele wala kufunga mtandio. Kisha taratibu hufunguka. Safari yote yaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Kulijua hilo peke yake ni tiba ya roho. Mama huyu alikuwa ameaminishwa kwamba amerogwa na wifi yake, na nyumba mbili zilikuwa hazisemezani.

Na kwa kuwa tumekitaja kisukari, kipo kipimo kinachofanyika nyumbani. Bananisha viganja viwili mbele ya kifua, vidole kwa vidole. Viganja na vidole vikigusana bila uwazi, ni vyema. Vidole vikibaki vimekunjika na mwanga ukapita kati yake, huenda sukari ya muda mrefu imeifanya protini iitwayo kolajeni kuwa ngumu. Madaktari wa Magharibi huiita ishara ya sala, kwa vile wenzao huomba wakiwa wamebananisha viganja. Watafiti wa Marekani waliieleza mwaka 1974 walipoichunguza kwa vijana wenye kisukari, na baadaye ikaonekana kuwa mwenye ishara hiyo ana hatari kubwa zaidi ya kupata madhara ya macho na figo. Kwa hiyo vidole visivyonyooka vyaweza kuwa sababu ya kupimwa macho, jambo ambalo hakuna muuza mafuta atakayekuambia.

Ama kijana wetu wa miaka 22, ana selimundu. Damu yake imeshindwa kupita katika mishipa midogo ya kichwa cha mfupa wa paja, na mfupa ukafa polepole ndani ya nyonga. Kwa miaka miwili alisuguliwa kwa nguvu, na kila aliposuguliwa alizidi kuchechemea.

Kuna hali moja isiyosubiri kesho. Kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na mgonjwa akapata homa, hasa akiwa mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache tu.

Meza ya langoni

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kamati inalikiri kwa aibu. Miaka miwili iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliomba ruhusa ya kuweka meza nje ya lango letu baada ya Ijumaa. Tulimpa. Barua ya ruhusa ilitoka ofisini kwetu na ina muhuri wetu. Miongoni mwa bidhaa zake ulikuwamo unga wa kahawia katika pakiti isiyo na maandishi, alioutangaza kuwa ni dawa ya Kihindi ya viungo, asilia, isiyo na kemikali.

Mzee mmoja wa safu ya kwanza, mwenye miaka 68 na kisukari, aliununua. Siku ya tatu alisujudu kwa urahisi ambao hajaupata kwa miaka mitano. Alimshukuru Allah kwa sauti, na unga wote ukanunuliwa. Baada ya miezi minne uso wake ulikuwa umevimba na kuwa wa duara, ngozi ya mikono ikipata michubuko kwa kuguswa tu, na sukari haishiki kwa dawa yoyote. Kisha muuzaji akahama na unga ukaisha. Ndani ya wiki moja mzee alikuwa akitapika, hana nguvu ya kukaa, na shinikizo la damu limeshuka. Alilazwa siku 11. Madaktari waliiambia familia kwamba dalili zile ni za mtu aliyetumia steroidi kwa muda mrefu, kisha akaziacha ghafla.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba anayejitia kutabibu bila kujulikana kuwa ana elimu ya utabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Tumejiuliza sana kuhusu anayempa meza.

Wapo waliohitimisha kutokana na mkasa huo kwamba tiba za Kihindi ni uongo mtupu. Hilo nalo si haki. Ayurveda ni elimu ya kale yenye vitabu vyake, na waliotutangulia hawakuidharau. Katika zama za Bani Abbasi huko Baghdad, kwa hima ya waziri Yahya bin Khalid al-Barmaki, kitabu cha tabibu Sushruta kilifasiriwa kwa Kiarabu. Ali bin Rabban at-Tabari, alipokitunga kitabu chake Firdaws al-Hikma mnamo mwaka 850, alitenga sehemu ya mwisho kueleza tiba ya Wahindi. Hata jina letu la baridi yabisi lina undugu nayo. Yabisi kwa Kiarabu ni kikavu. Nao Wahindi wanasema kwamba maradhi ya viungo yanatokana na kuzidi kwa vata, ambayo sifa zake ni ubaridi na ukavu. Ndiyo maana tiba yao huanza kwa kinyume chake, yaani joto na mafuta.

Na hapo pana la kuchukua. Kukanda kwa mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kisha mvuke au taulo la moto, kisha kukitembeza kiungo, ni mpangilio mzuri. Mafuta hayapenyi hadi kwenye gegedu, lakini joto na mkono mpole hulegeza misuli, na kiungo kilicholegezwa hukubali mazoezi. Wao hujenga hata ukuta mdogo wa unga uliokandwa kuzunguka goti na kumimina ndani yake mafuta ya vuguvugu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni ajihadhari, kwani ataungua bila kujua, na mafuta yapimwe kwanza na mkono wa mtu mwingine. Miongoni mwa dawa zao za kunywa umo utomvu wa mti uitwao Boswellia serrata, ndugu wa ubani wetu wa Dhofar na Somalia. Mapitio ya tafiti ya taasisi ya Cochrane ya mwaka 2014 yalionyesha kwamba hupunguza kidogo maumivu ya viungo vilivyochakaa. Tunasisitiza neno kidogo. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Lakini vidonge vyake vya nguvu asivimeze anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mpaka aulize.

La kuogopwa ni pakiti. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda katika maduka ya mji wa Boston, Marekani, wakazipima, na 14 kati yake zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Si zote ziliingiwa kwa bahati mbaya. Lipo tawi la tiba hiyo linalochanganya madini kwa makusudi, likiamini kuwa yakichomwa na kusagwa huondoka sumu. Risasi haiondoki sumu kwa kuchomwa. Hapa nchini, sheria ya mwaka 2002 imeunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa. Mwulize anayekuuzia cheti chake kabla hujauliza bei. Na dawa ya asili inayomwinua mtu aliyelemaa ndani ya siku tatu itiliwe shaka kwa sababu hiyo hiyo.

Mkono juu ya ukuta

Yule mama wa bega hakupewa unga. Alikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, akafundishwa mambo matatu ambayo huyafanya nyumbani kila siku baada ya kuweka taulo la moto kwa dakika 10. Huinama na kuuachia mkono uning'inie, akiuzungusha polepole kama ndoo kisimani. Husimama mbele ya ukuta na kuupandisha mkono kwa vidole, akiweka alama ya chaki pale alipofika. Kisha hushika kanga nyuma ya mgongo kwa mikono miwili, mzima ukiuvuta mgonjwa. Maumivu madogo huvumiliwa. Makali yanayobaki usiku kucha ni ishara ya kupunguza. Alama za chaki ukutani kwake zimepanda shubiri moja na nusu tangu mfungo wa sita.

Kwa goti, kaa kwenye kiti, nyoosha mguu hadi ulingane na paja, hesabu hadi 5, shusha, rudia mara 10. Msuli wa paja ukipata nguvu, goti hupumzika. Kiwiko kilichovunjika kisivutwe na mkandaji kwa nguvu, hasa cha mtoto. Kuvuta huko kwaweza kuotesha mfupa ndani ya nyama, na mkono ukafunga moja kwa moja.

Wapo wahubiri wanaosema Swala inatosha kuwa mazoezi. Hatukubaliani nao. Swala ni ibada, na aliyeshindwa kusujudu asidhani kwamba imani yake ndiyo iliyopungua. Imran bin Huswain (R.A.) alikuwa na bawasiri, naye Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali akiwa amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, anayeweza kusimama lakini asiweze kusujudu husimama katika kisimamo chake, kisha hukaa na kuashiria, akiinama kwa sijida zaidi ya rukuu. Wengi tunaowaona hukaa tangu takbira ya kwanza ilhali wameingia msikitini kwa miguu yao. Wamwone imamu; kila hali ina maelezo yake.

Kamati imeifuta barua ile ya ruhusa, na sasa hakuna dawa inayouzwa langoni. Kijana wa miaka 22 amepigwa picha ya nyonga na ameandikiwa magongo huku akisubiri daktari wa mifupa. Viti tumevitoa nyuma na kuvipanga mwishoni mwa kila safu, ili anayeswali kwa kukaa asikae peke yake. Mzee wetu amerudi. Anaanza Swala amesimama, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, na ukifika wakati wa sijida, anayeswali kando yake humsogezea kiti kwa mguu.