Nauli si gharama ya safari: Jinsi ya kulinda mfuko kutoka Kitale na Bungoma hadi Mombasa

DESEMBA inapobisha hodi, vituo vya mabasi mjini Kitale na Bungoma hufurika familia zinazoelekea Nairobi na Mombasa kwa likizo. Aghalabu kila mzazi huwa amefanya hesabu ya nauli. Ni wachache waliofanya hesabu ya safari.

Tofauti ya hesabu hizo mbili hudhihirika Januari, shule zinapofunguliwa. Hapo ndipo mzazi hutambua kwamba sehemu ya karo iliishia barabarani, tena kwa vitu ambavyo hata havikumbuki: chai, maji ya chupa, wapagazi, teksi na ada za kutoa pesa kwa simu.

Wamiliki wa meli kubwa za kitalii, zikiwemo zile ambazo hutia nanga katika bandari ya Mombasa, wanaielewa vyema tabia hii ya binadamu. Tiketi ya meli hulipia chumba na milo ya kawaida. Vinywaji, intaneti na ziara za nchi kavu aghalabu hutozwa kando, na abiria hulipa kwa kadi bila kuona noti ikitoka mfukoni.

Basi la Kitale halina kadi kama hiyo, lakini kanuni ni ile ile. Mtu aliyechoka, mwenye njaa na asiye na mahali pengine pa kununua hulipa bei anayotajiwa. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa matumizi ya njiani hufaa kufanywa nyumbani, kabla ya mguu wa kwanza kukanyaga ngazi ya basi.

NAULI YA KWENDA NA YA KURUDI

Nchini Kenya, nauli za magari ya abiria hazipangwi na serikali. Kampuni za mabasi na vyama vya ushirika vya matatu hujiamulia, na ndiyo maana bei ya kiti hupanda wiki ya Krismasi na tena wiki ya kwanza ya Januari, wasafiri wanaporejea makwao.

Anayenunua tiketi ya kwenda pekee huwa amejiweka mikononi mwa bei ya Januari. Ni heri kulipia tiketi zote mbili mapema, na kuhakikisha kwamba risiti inaonyesha tarehe, saa, nambari ya kiti na kiasi kilicholipwa. Asiyeweza kulipia ya kurudi mapema na aitenge kando, isiguswe kwa jambo lolote.

Tiketi inunuliwe katika ofisi ya kampuni. Wapiga debe walioko langoni hujiongezea chao, na mara nyingine abiria hukuta kiti alichouziwa kina mwenyewe.

Kwa wanaokamilisha safari kwa treni ya Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017, hesabu ni nyepesi kwa sababu nauli yake hutangazwa. Tangu Januari 1, 2024, kiti cha daraja la kawaida kutoka mwanzo hadi mwisho wa safari ni Sh1,500, na cha daraja la kwanza ni Sh4,500. Watoto wenye umri wa kati ya miaka 3 na 11 hulipiwa nusu.

Hivyo basi, baba, mama na watoto wawili wa miaka minane na kumi watalipa Sh4,500 kwenda, au Sh9,000 kwenda na kurudi. Kiasi hiki kinajulikana mapema na hakimshtui mtu. Kinachoshtua ni kile kisichoandikwa popote.

CHAI YA NJIANI

Kutoka Kitale hadi Nairobi ni takriban kilomita 380, na Bungoma iko mbali zaidi kidogo. Magari ya abiria hayaruhusiwi kupita kasi ya kilomita 80 kwa saa, sharti lililotiliwa mkazo na kanuni za Michuki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004. Hata basi lisiposimama popote, litakaribia saa tano barabarani. Likisimama kama ilivyo desturi, muda huo huongezeka mno, na lazima watu watakula.

Tuchukue mfano wa familia ile ile ya watu wanne. Basi linaposimama, wananunua vikombe vinne vya chai kwa Sh50 kila kimoja, vitafunio vinne kwa bei hiyo hiyo, na chupa mbili za maji. Hiyo ni Sh500. Wakifanya hivyo mara mbili kati ya nyumbani na Nairobi, wametumia Sh1,000. Kwenda na kurudi ni Sh2,000, yaani zaidi ya nauli ya mtu mzima mmoja kwa treni hadi Mombasa.

Sasa tuangalie jikoni. Chapati za pakiti moja ya unga wa ngano, nusu trei ya mayai ya kuchemsha na viazi vitamu vichache ni chakula kitakachoifikisha familia hiyo Nairobi, kwa gharama isiyozidi sana ya kusimama mara moja. Ndizi mbivu na karanga huongeza shibe bila kuchafua nguo. Maji yachemshwe, yapoe na yatiwe katika chupa za nyumbani.

Chakula kifungwe katika kikapu au kontena, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017. Matunda yamenywe mapema kwa wanaopanda treni, kwani kisu hakipiti kwenye ukaguzi wa usalama wa stesheni.

Kubeba chakula kuna faida nyingine isiyopimwa kwa shilingi. Abiria aliyeshiba hana sababu ya kupokea biskuti au soda kutoka kwa mtu asiyemjua. Wapo wasafiri ambao wamewahi kutiliwa dawa za kulewesha katika vinywaji vya ukarimu kama huo, wakaamka bila simu wala pesa.

Pia kuna baridi. Barabara hupita Timboroa, eneo lililo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Anayepita hapo usiku akiwa na shati la Mombasa atanunua chai kwa sababu ya kutetemeka tu. Shuka moja nzito na soksi za watoto huzuia gharama hiyo.

GUNIA LA MAHINDI NA KUKU WA ZAWADI

Desemba ni wakati ambapo ghala za Trans Nzoia zina mavuno mapya, na hakuna mwenyeji wa Kitale anayependa kwenda kwa jamaa mikono mitupu. Mwenzake wa Bungoma naye huona aibu kumtembelea mjomba bila kuku. Desturi hiyo ni njema, ila ina bei yake.

Gunia haliishii kulipiwa basi. Hulipiwa boda boda kutoka nyumbani hadi kituoni, mpagazi wa kulipakia, ada ya kampuni, mpagazi wa kuliteremsha Nairobi na teksi ya kulipeleka stesheni ya treni. Kila mahali linapobadilisha chombo, mkono mwingine hunyooshwa.

Kanuni rahisi ni hii: anayesafiri kwa basi moja kutoka Kitale au Bungoma moja kwa moja hadi Mombasa anaweza kubeba gunia, maadamu amekubaliana kuhusu ada kabla ya kupakia na kupewa stakabadhi. Anayebadilisha basi kwa treni abebe kile tu ambacho mikono yake inaweza kuinua. Unga wa kilo chache, maharagwe na asali humfurahisha mwenyeji sawasawa na gunia.

Kuhusu kuku, ni busara kuuliza kama kampuni inawakubali na kwa kiasi gani. Mara nyingine ada ya kumbeba jogoo hukaribia bei ya kumnunua mwingine sokoni Mombasa.

SAA ZA KUNGOJA NAIROBI

Sehemu ghali zaidi ya safari nzima huenda ikawa ile ambayo abiria hasafiri. Basi la usiku huingia Nairobi alfajiri. Ikiwa treni yao inaondoka alasiri, familia ina saa nyingi za kukaa mjini ikiwa na mizigo, watoto wenye usingizi na mahitaji ya choo, kiamsha kinywa na chakula cha mchana.

Kadhalika, stesheni ya treni iko Syokimau, nje ya katikati ya jiji, na ile ya Mombasa iko Miritini. Pande zote mbili kuna usafiri wa ziada wa kulipia. Atakayelinganisha bei ya treni na ya basi bila kuongeza vipande hivyo viwili atakuwa amejidanganya.

Muda wa kuondoka kwa basi basi na uchaguliwe kwa kuzingatia treni, ili kungoja kuwe kufupi. Hata hivyo, muda usibanwe kupita kiasi, kwa kuwa msongamano katika barabara ya Nakuru wakati wa sherehe unaweza kula saa kadhaa, na atakayeachwa na treni atalipa upya. Mwenye jamaa Nairobi anaweza kulala huko siku moja.

Iwapo safari itaendelea hadi Pwani Kusini, msafiri akumbuke kwamba abiria wanaotembea kwa miguu huvuka kivuko cha Likoni bila malipo. Anayedai ada ya kuwavusha ni mlaghai.

PESA ZILIZO KATIKA SIMU

Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, wasafiri wengi wameacha kubeba noti nyingi, na hilo limepunguza hatari ya wizi. Lakini pesa za simu hazionekani zikipungua, na kila ada ina kipimo chake.

Kutoa Sh500 kwa wakala hutozwa Sh29, na kutoa Sh2,500 pia hutozwa Sh29. Anayetoa Sh500 mara tano huwa amelipa Sh145 kwa pesa zile zile ambazo mwenzake amelipia Sh29. Ni afadhali kutoa mara moja kabla ya safari kiasi cha matumizi ya siku hiyo, kisha kulipia vitu vingine kwa nambari ya duka, ambapo mnunuzi hatozwi ada.

Hatari kubwa zaidi ni Fuliza, huduma ya mkopo iliyoanza mwaka wa 2019. Humruhusu mtu kulipa akiwa na salio pungufu, lakini hutozwa asilimia moja ya kiasi alichokopa na ada nyingine kwa siku kadiri deni linavyokaa. Chai iliyonunuliwa Nakuru kwa mkopo wa aina hiyo huendelea kuongezeka bei hata baada ya kunywewa.

KUTUMIA KILICHOLIPIWA

Kubana matumizi hakumaanishi kusafiri kwa dhiki. Baadhi ya mabasi hutoa maji, soketi za kuchajia simu na intaneti kama sehemu ya nauli. Abiria aulize anapokata tiketi ni huduma zipi zimo, kisha azidai. Kulipa zaidi kwa ajili ya basi la kifahari na kisha kununua maji dirishani ni kulipa mara mbili.

Mabasi mengi hayana choo. Mwenye watoto wadogo au wazee achague kiti cha karibu na mlango, na amweleze dereva au utingo mapema. Treni ina vyoo na behewa la mkahawa, lakini chakula cha humo hakimo katika nauli. Watoto waelezwe hilo nyumbani, kabla ya kikokoteni cha vitafunio kupita mbele yao.

Zawadi za kurudi nazo, kama vile mabuyu, nazi na leso, zinunuliwe sokoni, mathalan Kongowea, badala ya kungojea dakika za mwisho karibu na stesheni.

KARO ITANGULIE

Yote haya yana shabaha moja. Mzazi mwenye uwezo na alipe karo ya muhula wa kwanza katika akaunti ya shule, au angalau sehemu yake, kabla ya kupanda basi. Sare na vitabu pia vinaweza kununuliwa mapema. Pesa zilizokwisha kufika shuleni haziwezi kushawishiwa na harufu ya nyama choma Salgaa.

Zilizobaki zigawanywe mafungu manne: nauli, chakula cha njiani, matumizi ya huko waendako, na dharura. Mume na mke wakubaliane ni nani anayeshika fungu lipi. Fungu la dharura lisiwe na mwenye kulifungua peke yake, na likirudi nyumbani likiwa zima, litawafaa sana katika wiki zile ndefu za Januari.

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Msafiri wa Kitale au Bungoma anafaa kukumbuka kuwa kibaba hicho hicho humwagika kwa haba na haba, na kwamba mwalimu mkuu hatauliza chai ya njiani iligharimu kiasi gani.