Kivumbasi, Mrihani na Mzigo wa Fikira



Msimu wa karafuu una furaha yake, na una taabu zake. Mwenye shamba hulala sikio wazi, akitega kama mvua yaja, maana karafuu zake bado hazijakauka. Wachumaji wataka ujira wao. Kijana aliye juu ya mkarafuu hajashuka, na roho haitulii mpaka ashuke salama. Tena huenda mwaka ujao miti isizae kitu. Mtu akikaa hivyo wiki baada ya wiki, usingizi humpaa, kichwa humgonga, na hasira humjia upesi juu ya mkewe na watoto.

Hapo ndipo jirani humwambia, "Yako majani, ukinywa utapata nguvu ya kustahimili." Yafaa tujue maneno hayo yana ukweli kiasi gani.

Dawa za namna hiyo wataalamu huziita adaptojeni, yaani zenye kuusaidia mwili kuvumilia dhiki. Jina hilo lilitolewa mwaka 1947 na Nikolai Lazarev, mtaalamu wa Urusi ya Kisovieti. Lakini katika Bara Hindi desturi ni ya zamani kuliko jina. Mojawapo ya majani yao mashuhuri ni tulsi, ambao Wahindu huupanda uani na kuuheshimu katika ibada.

Tulsi si mgeni kwetu kabisa. Ni ndugu wa mrihani, ule ambao mama zetu huutia katika kikuba pamoja na asumini na mawaridi. Ni ndugu wa kivumbasi pia, kinachoota chenyewe visiwani na hata bara, katika milima ya Usambara. Watu huchoma majani ya kivumbasi kufukuza mbu, hujifukiza wakipatwa na mafua, na hunywa maji yake tumbo likiuma.

Na mkulima wa karafuu akiponda jani la tulsi mkononi, huenda akashangaa, maana hunukia karafuu! Sababu yake ni eujenoli, kitu kilekile kilicho katika mafuta ya makonyo yanayotolewa kiwandani Wawi, Pemba, na ambacho madaktari wa meno hukitumia. Baadhi ya vivumbasi vina eujenoli nyingi, vingine vina harufu nyingine kabisa, kwa kuwa jina ni moja na mimea ni mbalimbali.

Je, tulsi yasaidia? Mwaka 2017 wataalamu walikusanya majaribio 24 yaliyofanywa kwa watu, wakaona dalili za kheri, ingawa mengi yalikuwa madogo. Mwaka 2022 huko Australia watu 100 walijaribiwa kwa wiki 8. Waliopewa tulsi walisema dhiki imepungua na usingizi umekuwa bora kuliko wale waliopewa dawa ya bandia. Lakini angalieni mambo mawili. Walichomeza ni dawa iliyokamuliwa na kupimwa, si majani ya uani. Tena ulikuwa tulsi, si kivumbasi. Basi asije mtu sokoni akawauzia kivumbasi kwa sifa za ndugu yake.

Katika milima hiyohiyo ya Usambara, upande wa Lushoto, iko Kifungilo, penye nyumba ya masista na shule ya wasichana. Zamani palikuwa na makao ya watoto yatima wa damu mchanganyiko, waliolelewa na masista wa Kijerumani. Mmoja wao, Maria Nhambu, ameandika maisha yake katika kitabu kiitwacho Africa's Child, kilichotoka mwaka 2016. Asema kwamba alipokuwa mtoto alijiundia rafiki wa mawazoni, akamkabidhi huzuni zake amtunzie, mpaka atakapokuwa mtu mzima wa kuzielewa. Baadaye alikuwa mwalimu Marekani, na huko akaanzisha mazoezi ya viungo yenye ngoma za Afrika.

Mtoto yule alijua jambo ambalo sisi watu wazima twalisahau: mzigo usipopata pa kutuliwa, humvunja mchukuzi. Yeye hakuwa na mtu, ikambidi amuunde. Sisi tunao wake zetu, waume zetu, ndugu na wanachama wenzetu. Mwenye deni la wachumaji na alitaje. Asiyelala kwa hofu ya mvua na apokezane zamu na jirani ya kuangalia majamvi.

Basi anayependa mrihani au tulsi, na atie majani machache katika kikombe cha maji ya moto, afunike kidogo, anywe jioni. Kuketi kwenyewe na kunywa taratibu ni mapumziko. Lakini mafuta ya karafuu au ya makonyo yasinywewe kamwe, na yawekwe mbali na watoto, maana yamepata kuwaharibu maini watoto waliomeza. Mja mzito, mwenye kisukari anayetumia dawa, na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, wamwulize daktari kwanza.

Na usingizi ukikosekana wiki mbili, chakula kisipopita, au mtu akianza kutamani kufa, hapo si kazi ya majani tena. Apelekwe hospitali siku ileile, wala isionekane aibu. Huko Usambara pana hospitali ya Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, kisha ikawa ya wagonjwa wa akili. Unguja ipo Kidongo Chekundu. Walioingia huko wakatoka wazima ni watu kama sisi.

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi. Tusimwambie mwenzetu "kunywa majani" kisha tukaenda zetu. Tuketi naye mpaka kikombe kiishe, tumsikilize.