Hela ya mshirika mpya sio mauzo

Wapambanaji wa mtandaoni, leo tuongee kuhusu hela inayoingia kwenye laini ya biashara bila mteja kununua kitu: hela ya mtu anayenunua hisa, yaani anayeingia kuwa mshirika wako.

Nipo Mutuka hapa Babati, nawaandikia hesabu wauzaji kadhaa. Naona sana hii: mwezi mshirika akiingia, ndio mwezi mwenye biashara anaanza kutumia kibosi. Salio limenona, anadhani biashara ndiyo imenona.

Tuseme unauza mchele wa Magugu (wa kweli, sio wa kuchanganya) kupitia WhatsApp na Instagram, unatuma kwa basi mpaka Arusha na Singida. Mwezi umeanza na 300,000. Wateja wamelipa 1,850,000. Mchele umenunua wa 1,400,000, nauli ya mizigo 260,000, matangazo na bando 190,000, mifuko 120,000. Ukanunua na mzani wa 150,000. Shemeji kaleta 800,000 ya hisa, aliyewaandikia mkataba kachukua 50,000. Mwisho wa mwezi simu inasoma 780,000.

Safi, si ndio? Sasa ipange kama taarifa ya mtiririko wa fedha inavyotaka, mafungu matatu.

Fungu la uendeshaji: 1,850,000 toa 1,970,000. Unapata hasi 120,000.
Fungu la uwekezaji, huo mzani: hasi 150,000.
Fungu la mtaji: 800,000 toa 50,000 ya mkataba, chanya 750,000.

Jumla ni chanya 480,000, ukiongeza 300,000 ya mwanzo unafika 780,000. Hesabu imekubali. Lakini bila shemeji ungebaki na 30,000 tu. Mchele wenyewe unakula hela, na shemeji ndiye aliyeziba. Angalia nauli na matangazo kabla hujaagiza gunia lingine.

Makampuni makubwa yanafuata utaratibu huohuo, kwa kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 7. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa mpya zaidi ya milioni 560 kwa Sh 850 kila moja, karibu Sh bilioni 476. Hela yote ile haikuwa mauzo ya vocha wala faida. Ilikuwa mtaji, na inakaa fungu la mtaji.

Linganisha na Safaricom ya Kenya, 2008. Hisa bilioni 10 ziliuzwa kwa KSh 5, watu wakapanga foleni. Ila aliyeuza ni Serikali ya Kenya, hisa zake yenyewe, kwa hiyo hela ilienda serikalini. Kwenye mtiririko wa fedha wa Safaricom haiingii hata shilingi. Na kwako ni hivyo hivyo: kama mshirika wako wa zamani anamuuzia mtu mwingine sehemu yake, wamelipana wao. Usiandike kitu kwenye hela ya biashara, badilisha majina tu kwenye mkataba.

Kuna ya tatu inayowachanganya wengi. Mtu anapewa hisa lakini haleti hela. Analeta pikipiki ya kupelekea oda, au ni yule unayedaiwa naye 400,000 ya mchele, mmekubaliana deni ligeuke hisa. Hapo mtiririko wa fedha haugusi kabisa, kwa sababu hakuna hela iliyotembea. Pikipiki iandike kwenye mali na kwenye mtaji kwa thamani mliyokubaliana, deni lifute, na weka maelezo pembeni yenye tarehe na sahihi za wote. Ukiandika pikipiki kama hela iliyoingia, daftari na simu hazitakutana milele.

Gawio unalomlipa shemeji baadaye? Mimi naliweka fungu hilohilo la mtaji, upande wa kutoka. Na kama anatuma hela kwenye Lipa Namba ileile ya wateja, mwambie akutaarifu siku hiyohiyo uiwekee alama, maana baada ya wiki mbili ile 800,000 itaonekana kama oda kubwa ya mtu wa Singida.