Mwembe Hauzai Mbu

Jumamosi moja, mvua ya masika ikiwa imepusa, majirani wawili walibisha hodi langoni pangu hapa Thika. Baada ya kujuliana hali na kunywa chai, mkubwa wao alikohoa kidogo, kisha akalitoa lililowaleta. "Mwalimu," alisema, "sisi twakuheshimu. Lakini mwembe wako, na huo mti wa makadamia kando yake, inatufugia mbu. Watoto hawalali. Afadhali ikatwe."

Sikuwa na jibu la papo hapo. Mwembe ule niliupanda mwaka nilioanza kazi ya ualimu. Wanangu wamekulia chini yake, na wanafunzi wasiohesabika wamedurusu kivulini mwake. Hata hivyo, malalamiko ya jirani hayakuwa ya uongo. Giza linapoingia, mbu huvuma uani pangu kana kwamba wamealikwa karamuni. Niliomba muda wa wiki mbili nichunguze. Yule wa pili alicheka akasema kwamba mwalimu, hata akiumwa na mbu, hutaka kwanza kumtahini.

Naam, na mtihani wenyewe ulihitajika. Mpenzi msomaji, mbu hazaliwi na jani wala kivuli. Mbu jike, ambaye ndiye pekee anayefyonza damu, hutaga mayai majini au mahali patakapojaa maji. Mayai huanguliwa yakawa viluwiluwi, nao viluwiluwi hubadilika umbo hadi akatoka mbu mwenye mbawa. Penye joto la kutosha, safari hiyo yote huchukua wiki moja hadi mbili. Mti wenye majani mengi kazi yake ni nyingine: humpa mbu aliyekwisha kukomaa mahali penye ubaridi na unyevu pa kujificha jua la mchana. Kwa hiyo mwembe ni mwenyeji wa mbu, si mzazi wake. Kuukata ni kubomoa nyumba ya wageni na kukiacha kiwanda kikiendelea kuwazalisha.

Kiwanda hicho kilikuwa wapi basi? Nilichukua tochi, nikaandamana na mjukuu wangu, tukaukagua ua hatua kwa hatua. Tulikuta maji katika visahani vya kuwekea vyungu vya maua. Tulikuta maji ndani ya tairi kuukuu nililokuwa nimelihifadhi ili niwafungie watoto bembea. Mifereji ya paa ilikuwa imezibwa na majani ya mwembe, na hapo nakiri kwamba mti ulikuwa na lawama kidogo, ingawa aliyepaswa kuizibua ni mimi. Aibu kubwa zaidi ilikuwa tangi. Kama wengi mjini humu, mimi huhifadhi maji kwa sababu mabomba hukauka pasipo taarifa. Kifuniko cha tangi langu kilivunjika zamani, nami nikaliziba kwa kipande cha bati kisichokaa sawasawa. Tulipomulika ndani, viluwiluwi walikuwa wakipinduka kwa mamia. Kweli nyani haoni ngokoye!

Huenda mwanafunzi akauliza: je, kuna haja ya kelele zote hizi Thika, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako malaria si tishio kama ilivyo kandokando ya Ziwa Viktoria? Haja ipo. Mwaka wa 2013 homa ya dengi ilizuka Mombasa, na mwishoni mwa 2017 hadi 2018 chikungunya ikazuka mjini humo humo. Maradhi haya huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, aumaye mchana, na apendaye sana kutagia katika mitungi, matangi na matairi ya nyumbani. Isitoshe, mnamo Desemba 2022 watafiti walimgundua katika kaunti ya Marsabit mbu aitwaye Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, aliyekuwa amekwisha kuonekana Djibouti mwaka wa 2012. Huyu hueneza malaria na huzaana vyema katika matangi ya maji mijini. Mtu wa mjini hawezi tena kujipumbaza kwamba malaria ni ya mashambani tu.

Wapo wanaotegemea dawa ya kupulizia. Dawa ina mahali pake, lakini humwua mbu arukaye na kumwacha aliye majini, ambaye kesho ataruka. Aidha, mbu wengi wa Afrika wamekwisha kuzoea baadhi ya dawa hizo. Kumzuia mbu angali majini kuna ushahidi wake papa hapa Afrika Mashariki. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walimwaga vitufe vyepesi vya plastiki katika vyoo vya shimo vyenye maji. Vitufe vilielea vikafunika uso wa maji, mbu wakakosa pa kutagia na viluwiluwi wakakosa pa kuvutia pumzi. Mbu walipungua mno, na pamoja na dawa walizopewa wananchi, ugonjwa wa matende nao ukashuka. Hakuna mti uliokatwa.

Nami sikukata. Nilinunua kifuniko na wavu wa kuziba mdomo wa tangi, nikazibua mifereji, nikalitoboa tairi matundu kabla ya kulining'iniza. Matawi ya chini niliyapogoa ili jua na upepo vipite, na ua wa michongoma nikaupunguza. Kila Jumamosi mjukuu wangu humwaga maji ya visahani na kuvisugua, kwa kuwa mayai ya Aedes hugandama ukutani mwa chombo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi. Vyandarua tungali tunavitumia.

Wiki mbili zilipotimia, niliwaita majirani. Mezani niliweka chupa ya kioo yenye maji ya tangi langu, nikiwa nimeifunga kwa kitambaa cha chandarua tangu siku ya ukaguzi. Ndani yake mbu walikuwa wakiruka. Wazee wale waliitazama chupa kwa muda mrefu pasi na kunena. Kisha mkubwa wao akainuka, akasema, "Mwalimu, lete hiyo tochi." Tulikwenda kwake, na nyuma ya banda lake la kuku tukahesabu matairi manne na mitungi sita iliyovunjika, yote yana maji.

Walimu wenzangu, chupa kama hiyo haigharimu shule chochote, mradi kitambaa kifungwe barabara na mbu waliomo wauawe somo likiisha. Nanyi wanafunzi, kabla ya kunyoosha kidole kwa mti wa jirani, inameni mchungulie nyuma ya nyumba zenu. Mbu wangu hawajaisha, kwani mbu hajui mpaka wa kiwanja, na ndiyo maana ukaguzi wa nyumba moja hautoshi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ufa wetu ni ule tangi lisilo na kifuniko.