USALAMA NJIANI: Reyo za kinga, namna ya kuzinunua



Katika ukurasa huu tunazungumza mara nyingi juu ya kofia ya kazi, viatu na miwani. Lakini kabla ya kuvaa kofia, mtumikaji anapaswa kwanza kufika kazini, na wengi wanafika kwa kinga. Kinga hiyo hiyo, siku ya mapumziko, inabeba mfuko wa makala, mfuko wa unga, bidoni za maji, na mara nyingine mtoto anakaa juu ya hayo yote. Leo tunasema juu ya kitu kidogo ambacho watu wananunua bila kukiangalia: reyo, zile fimbo nyembamba za chuma zinazofunga janti na kitovu cha gurudumu.

Wengi wanafikiri reyo inabeba mzigo kama nguzo inavyobeba nyumba. Si hivyo. Simamisha reyo moja juu ya meza, uisukume kwa kidole: inajikunja mara moja. Nguvu yake iko katika kuvutwa, sawa na kamba ya chuma inayoshusha kizimba cha watu mgodini. Gurudumu linasimama kwa sababu reyo zote zimevutwa kwa nguvu. Kila reyo inapofika chini, karibu na ardhi, inalegea kidogo. Ikipanda, inakaza tena. Gurudumu la inchi 28 linazunguka mara 450 hivi katika kilometa moja. Mtu anayekaa kilometa 5 mbali na kazi, kwenda na kurudi, anazungusha gurudumu mara 4 500 kwa siku, na kila mara reyo inalegea na kukaza. Chuma kinachoka. Kinachoka hasa penye kiwiko, fasi ile reyo inapojikunja kuingia katika kitovu, na hapo ndipo inapokatika. Reyo iliyolegea tangu mwanzo inachoka mbele ya ile iliyokazwa vizuri.

Ikikatika moja, jirani zake zinapokea kazi yake. Janti inakwenda upande na kugusa breki. Hapo mtu anafanya nini? Anafungua breki ili gurudumu lipite! Kesho yake anateremka mlima, mzigo nyuma, gurudumu bovu, breki hakuna. Kama ni gurudumu la mbele, likijikunja linamrusha mtu uso chini, hana hata wakati wa kutoa mkono.

Kama reyo ilikatwa na jiwe au kijiti, badilisha hiyo moja tu. Lakini kama mbili, tatu zimekatika zenyewe katika majuma machache, zilizobaki zina umri uleule na zimefanya safari zilezile. Nunua za gurudumu zima. Mama anayeshika pesa za nyumba asione ni uharibifu: kununua moja moja kila juma kunamaliza pesa zaidi, na kila mara unapanda juu ya zile za zamani.

Kabla ya kwenda sokoni, hesabu matundu. Kinga nyingi zina matundu 36 mbele na 36 nyuma. Zile nzito za mtindo wa zamani wa Kiingereza mara nyingi zina 32 mbele na 40 nyuma. Janti na kitovu vinapaswa kuwa na hesabu moja. Janti ya 36 haiingii na kitovu cha 40, hata muuzaji aseme nini. Nunua mbili au tatu zaidi, uziweke nyumbani.

Urefu ndio unaoleta makosa mengi. Reyo haipimwi kutoka kichwa. Inapimwa kutoka upande wa ndani wa kiwiko mpaka mwisho wa uzi, fasi nati inapoingia. Chukua reyo ya zamani iliyokaa vizuri, inyooshe polepole, uipime kwa metre ya chuma, si kwa kamba. Kama imekatika, unganisha vipande viwili juu ya meza kisha upime. Pima ya mbele na ya nyuma, maana vitovu havilingani, na reyo za kinga moja zinaweza kupishana milimeta nyingi. Na kama kinga yako ina gia nyingi nyuma, pima pande zote mbili za gurudumu hilo: upande wa mnyororo mara nyingi unataka reyo fupi kidogo.

Milimeta 2 au 3 ni kitu gani? Ni kitu kikubwa. Reyo ndefu inatokea juu ya nati na kutoboa mpira wa ndani. Reyo fupi inashika uzi kidogo tu ndani ya nati. Leo inashika, siku ya mzigo inang’oka. Iliyo sawa inafika penye ule mkato wa nati, hapo basi. Kama huna reyo ya zamani, usikisie: beba janti na kitovu vyenyewe mpaka kwa fundi, hata kama watu wanakucheka njiani.

Sasa unene. Reyo ya kawaida ina milimeta 2. Kwa kinga za mizigo kuna za milimeta 2,3, na kuna nyembamba za 1,8. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Panga reyo 10 bega kwa bega juu ya meza, upime upana wa zote pamoja fasi zilizonyooka: milimeta 20 ni reyo za 2, milimeta 18 ni zile nyembamba, ambazo hatuzipendi kwa mtu wa makala. Nene nazo zinataka matundu yake na nati zake. Usitoboe kitovu kwa msumari ili ziingie. Tunaona ni bora reyo ya milimeta 2 ya chuma kizuri, iliyokazwa, kuliko nene inayocheza ndani ya tundu.

Jaribu moja mbele ya muuzaji. Ipinde kidogo kwa mikono na kuiacha: chuma kizuri kinarudi, chuma laini kinabaki kimepinda. Zungusha nati kwa vidole. Ikiyumba au ikikwama, rudisha. Kwenye masoko yetu, kuanzia lile la komini ya Kenya huko Lubumbashi mpaka Kolwezi, utakuta pia reyo zilizotolewa katika magurudumu ya zamani na kupigwa rangi. Angalia kiwiko: rangi haifichi alama ya kutu. Hizo zimekwisha kuchoka kwa mtu mwingine.

Wako wanaokata bageti za kuunganishia chuma, au waya, na kutengeneza reyo. Mbali na swali la bageti hizo zimetoka ateliye gani, chuma chake ni laini: kinarefuka, gurudumu linalegea, na reyo nzuri za pembeni zinakatika.

Ukikata au kusugua ncha ya reyo kwa tupa, vaa miwani. Kipande kinaruka kama risasi.

Gurudumu likiisha kufungwa, piga kila reyo kwa ukucha. Upande mmoja wote utoe sauti karibu moja. Ile inayolia chini imelegea. Tembea kilometa chache bila mzigo wala mtoto, halafu zungusha tena ufunguo, maana viwiko vinatafuta fasi yao na reyo zinalegea siku za kwanza. Mtoto atakapopanda, mwekee fasi ya kukanyaga miguu mbali na gurudumu: kisigino kikiingia katikati ya reyo mpya na ngumu, kinakatwa mpaka mfupa.