Joto, Umri na Mipira ya Mashine za Chama

Pete ya mpira iliyokaa ghalani miaka minane, ikiwa bado ndani ya mfuko wake, huandikwa katika daftari la mali kuwa ni mpya. Kwa hesabu ni sawa. Kwa kazi si sawa. Chuma kilichopakwa grisi kinaweza kusubiri, lakini mpira hausubiri. Huanza kuzeeka tangu siku utokapo kiwandani, uwe umetumika au haujatumika. Yafaa makatibu na wanachama waielewe sababu yake, kwa kuwa fedha inunuayo vipuri hivyo ni jasho la wakulima.

Mpira wa asili hutokana na utomvu wa mti. Mpira wa sintetiki hutengenezwa viwandani, hasa kutokana na mafuta ya petroli. Utengenezaji wake ulipanuka sana tangu mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Malaya na visiwa vya Indonesia na Marekani ikakosa mpira wa miti. Aina zote mbili zimejengwa kwa nyuzi ndefu mno za molekuli, zilizochangamana mithili ya katani isiyochanwa. Nyuzi hizo zikiwa huru huteleza, na mpira hunata. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa, nyuzi hufungamana kwa vifundo, na mpira uliovutwa hurudia umbo lake. Vifundo vikiwa vichache, mpira hulegea, vikizidi, hukakamaa.

Mharibifu mkuu ni oksijeni, hewa ile ile ivutwayo na kila kiumbe. Hujipenyeza taratibu na kuzishambulia nyuzi, na joto huiongezea kasi. Wataalamu hukadiria kuwa joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya uharibifu huongezeka kama mara mbili. Basi ghala la bati lenye nyuzi 40 huuzeesha mpira kwa kasi ya kama mara nne ya chumba chenye nyuzi 20. Katika mpira wa asili nyuzi hukatika kwanza, nao huwa laini na wenye kunata. Katika mipira mingi ya sintetiki, kama vile nitraili ya pete za pampu na mpira wa stairini uchanganywao katika matairi, vifundo vipya hujifunga vyenyewe, na mpira huwa mgumu. Hapo ndipo watu hudanganyika, kwa maana mpira uliokakamaa huonekana imara.

Pete ya kuzibia hufanya kazi kwa kubanwa na kusukuma nje. Ikizeeka ikiwa imebanwa, hubaki bapa, haisukumi tena, na pampu huvuja. Pampu ya maji ikivuja, hasara ni maji na mafuta ya injini. Bomba la kunyunyizia dawa likivuja, sumu humtiririkia mkulima mgongoni, na hapo hasara haiandikiki katika daftari lolote.

Yuko adui mwingine, ozoni, itokayo hewani na kwenye cheche za mota za umeme na za mashine za kuchomelea vyuma. Hushambulia mahali palipovutika. Mkanda ulioning'inizwa msumarini kwa muda mrefu hupasuka pale ulipopindwa. Afadhali ulazwe bila mkunjo mkali. Mkanda uliolegea mashineni nao huteleza, hupata joto la msuguano, na uso wake hung'aa kama kioo. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huumia vivyo hivyo, kwani ubavu wake hukunjwa kila mzunguko na joto hukusanyika ndani.

Aina za mpira zisichanganywe. Nitraili hustahimili mafuta ya injini lakini si jua. Mipira ya breki za lori hutengenezwa kwa mpira mwingine, ufaao kwa mafuta ya breki. Ikiguswa na mafuta ya injini huvimba, na breki zaweza kushindwa.

Kanuni za kimataifa za uhifadhi hutaka mahali pasipozidi nyuzi 25, penye giza na mbali na mota. Hata hapo, vipuri vya nitraili hupewa miaka 7 kabla ya kukaguliwa upya. Maghala mengi ya vyama hayafikii ubaridi huo. Kwa hiyo ni busara kununua vya msimu mmoja au miwili, hata kama muuzaji atapunguza bei kwa shehena kubwa. Matairi mengi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000 yana tarakimu 4 ubavuni, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na DOT: 1419 ni juma la 14 la mwaka 2019. Tairi la akiba nalo lisomwe, maana huzeeka bila kutembea.

Kadi ya ghala iongezwe safu ya tarehe ya kutengenezwa, si ya kununuliwa tu, na cha zamani kitolewe kwanza. Kabla ya kukitoa, mtunza ghala akipinde na kukibonyeza kwa ukucha. Kikionyesha nyufa, au kikikataa kurudia umbo, kiwekwe kando mpaka kamati itakapoidhinisha kukifuta katika daftari.